Sumaku Iliyoshonewa Ndani

Kila alasiri Mastura alipotoka shule, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota pini. Mama yake, Bi Tawakali, alikuwa mshonaji hapo Kitomanga, na chini ya cherehani yake hazikukosekana pini za kuwachoma watoto waendao pekupeku. Mastura alipitisha sumaku juu ya mkeka, na pini zote zikairukia. Mama alikuwa amemkataza kutoka nayo nje. "Ikipotea hiyo, na wewe upotee," alizoea kusema huku akicheka. Lakini Mastura alikuwa wa kuambiwa asisikie, na kila mara aliitoa kuwatambia wenzake.

Siku hizo Waingereza walikuwa bado wanatawala Tanganyika. Bwana Kosta, Mgiriki mwenye shamba la mkonge la jirani, alikuwa na ndege ndogo ya watu wawili. Masika yalipokwisha, ndege ilifanyiwa matengenezo. Fundi Tomaso aliisafisha mashine ya ndege, kisha akaipima dira, kile chombo chenye sindano kinachomwonyesha rubani upande wa kaskazini. Kilichobaki kilikuwa mto wa sufi unaokaa chini ya dira, ili rubani asijigonge ndege ikitikisika. Panya walikuwa wameutoboa, ndipo Bi Tawakali akaitwa aushone. Akaenda na Mastura.

Sumaku nayo ilikwenda, mfukoni mwa gauni la Mastura. Mama alipoinama kutunga uzi, msichana akaitoa achezee pini. Ghafla Mama akageuka. Kwa hofu, Mastura akaitumbukiza sumaku ndani ya sufi, akijiambia ataitoa baadaye. Lakini mkono wa Bi Tawakali ulikuwa mwepesi. Mastura hakupata nafasi hata kidogo. Tundu lilishonwa na mto ukarudishwa mahali pake.

"Sumaku yangu umeiona?" Mama aliuliza jioni.

"Sijaiona, Mama," alijibu Mastura. Uongo huo ulimtoka upesi, na yeye mwenyewe akauonea haya.

Siku chache baadaye Bwana Kosta aliruka kwenda Kilwa. Mawingu yaliifunika pwani, akawa hana budi kuifuata dira. Dira ikampeleka bara. Mafuta yalipokaribia kwisha, aliona shamba lililofyekwa karibu na Likawage, akatua humo, na gurudumu likapinda. Gurudumu lilipotengenezwa na mafuta kuletwa, aliruka akarudi kwa kuifuata barabara iliyokuwa chini, akiwa amewaka kwa hasira.

"Aliyeigusa dira ni Tomaso," alifoka. "Nusura aniue!"

Brigita, binti wa Tomaso, alikaa dawati moja na Mastura. Siku hiyo hakucheza na mtu.

"Wanasema baba alikuwa amelewa," alisema. "Baba hajui hata ladha ya pombe! Anasema dira hupotoka kukiwa na chuma kinachoivuta. Amepekua kila msumari, haoni kitu. Kesho atapanda na Bwana Kosta, aitazame ikiwa hewani. Ikimshinda, kazi hana."

Chuma kinachoivuta! Mastura alikumbuka pini zilivyokuwa zikiirukia sumaku, akajua. Brigita alimega muhogo wake wa kuchemsha, akampa nusu. Mastura aliupokea. Alijiona mtu mbaya kuliko wote darasani.

Alipotoka shule alikimbia hadi nyumbani. "Mama, sumaku najua iliko," alisema, akaeleza yote.

Bi Tawakali hakumpiga wala hakumkaripia. Aliketi chini, mkono kichwani. "Kumbe ni mimi niliyeishona humo!" Kisha akachukua mkasi. "Twende."

"Nenda wewe, Mama. Mimi naona haya."

"Haya yako njoo nayo. Mimi nitabeba mkasi."

Kwenye kiwanja cha ndege walimkuta Bwana Kosta, Tomaso na vibarua kadhaa.

"Shikamoo, Baba Brigita."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unalia?"

Mastura akasema mwenyewe, mbele ya wote, jinsi alivyoificha sumaku na alivyodanganya. Bi Tawakali akakata uzi. Sumaku ikatoka imegandwa na sufi, na alipoipeleka mbali, sindano ya dira iligeuka taratibu ikarudi mahali pake. Vibarua wakamkodolea macho Mastura, naye akatamani ardhi ipasuke immeze. Bwana Kosta akavua kofia, akamwomba Tomaso radhi.

Tomaso aliinama hadi macho yake yakakutana na ya Mastura. "Kuficha sumaku ni utundu wa mtoto, ungekwisha siku ile ile. Lakini ulinyamaza, na kunyamaza kwako kungeweza kuua mtu. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Mimi nimekusamehe. Ila aliyechekwa shuleni ni Brigita. Kwake nenda mwenyewe."

Mastura akaenda. Brigita alikuwa akitwanga uani. Alisikiliza yote, mchi ukiwa umetulia mkononi.

"Ulipokea muhogo wangu huku unajua?"

"Nilikuwa najua."

Brigita alianza tena kutwanga, akatwanga kwa muda mrefu bila kumtazama. Mastura hakuondoka. Mwishowe Brigita akasema, "Kesho ulete wako."