Mteja wa Darasa la Jioni

Kabati la vioo lilikuwa limefungwa vizuri, ufunguo ukining'inia kando yake kwa ajili ya yeyote aliyeuhitaji. Ndani hamkuwa na kitu. Kitabu pekee cha sheria ya ushahidi ambacho chuo kilikimiliki kilikuwa kimetoweka, na Jumamosi ilikuwa fainali ya mahakama ya mfano baina ya wanafunzi wa kutwa na wa jioni.

Inspekta wa upelelezi alilitazama kabati, kisha mkuu wa chuo. Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vinne juu ya duka la samani. Mchana vilikaliwa na vijana. Jioni, viti vile vile vilipokea watu waliotoka kazini, miguu imewavimba.

"Mshukiwa tunaye," mkuu alisema. "Mkunga, msemaji wa darasa la jioni. Ndiye aliyekisoma mwisho. Leo namfukuza."

"Nani alimwona akikichukua?"

"Hakuna."

Inspekta aliliandika neno hilo. Chuo kilichofundisha kuhoji mashahidi hakikuwa na hata shahidi mmoja.

Mlinzi wa mlango, ambao ulikuwa mmoja tu, alihojiwa kwanza.

"Unapekua mikoba?"

"Yote, afande. Hata wa mkuu. Ndiyo maana hanisalimii."

"Kitabu kinene vile kingekupita?"

"Labda kiwe na mbawa."

Basi kitabu kilikuwa bado ndani ya jengo.

Mkunga aliketi katika sare yake ya kazi, mikono juu ya meza.

"Ulikichukua?"

"Nilikisoma, nikakirudisha kabatini."

"Unajua unafukuzwa?"

"Najua. Mwaka wa mwisho huu, afande. Usiku nazalisha, jioni nasoma. Nikitolewa hapa, sina umri wa kuanza tena."

"Unamshuku nani?"

"Simshuku mtu." Kwa mwanamke aliyechaguliwa kwa ulimi wake, jibu lile lilikuwa fupi kupita kiasi.

Msemaji wa darasa la kutwa aliingia na tai iliyokazwa kama ya wakili mwenye ofisi tatu.

"Kijana, nani ameiba kitabu?"

"Kwa heshima, afande, huo si wizi. Wizi huhitaji nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja. Mtu aliyekiweka kando, akikusudia kukirudisha Jumapili, si mwizi."

"Jumapili?"

Kijana aliilegeza tai yake.

"Sikutaja Jumapili," Inspekta alisema. "Wala kukirudisha. Umeanza utetezi kabla ya mashtaka."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Alikuwa mkunga.

"Mwache mwanangu, afande. Nimekiiba mimi. Nimekitupa jalalani."

"Ulimpitaje mlinzi?"

"Nilipita tu, afande."

 Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi ya uongo; hili lilikuwa na sababu nzuri kuliko mengi, na maandalizi mabaya kuliko yote.

"Mama, basi," kijana alisema. "Kiko chini ya ubao wa kizimba, kwenye ukumbi wa mahakama ya mfano. Nilikificha mimi."

"Kwa nini?"

"Jumamosi nasimama dhidi yake. Nyumbani sijawahi kushinda kesi hata moja, afande. Nikichelewa kurudi, nahojiwa mpaka nakiri na ya mwaka jana. Wenzangu wote wanajua ni mama yangu. Mimi nilishakisoma. Nilitaka yeye akikose, hiyo wiki moja tu."

"Na ulipoona anafukuzwa?"

"Ushahidi dhidi yake ulikuwa dhaifu. Nilijua hauwezi kumtia hatiani."

"Nashukuru kwa imani hiyo," mama yake alisema.

Mkuu, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikwenda ukumbini akarudi na kitabu chenye vumbi. Inspekta alifunga daftari lake. Mali imepatikana, alisema. Yaliyobaki ni ya chuo.

"Basi namfukuza huyu," mkuu alisema.

"Kanuni zinampa haki ya kusikilizwa?" mkunga aliuliza.

"Zinampa. Kesho."

"Na kutetewa?"

Mkuu alisita. "Na kutetewa."

Mkunga alinyoosha mkono, akakichukua kitabu, akakipangusa kwa pindo la sare yake. Kijana alifungua mdomo.

"Funga," mama yake alimwambia. "Kuanzia sasa hujibu swali la mtu yeyote bila mimi. Isipokuwa moja, na hilo utanijibu nyumbani."