Ukuta Uliopakwa Chokaa

Jioni ya kwanza walipoiwasha projekta juu ya paa, picha ilitokea ukutani kabla Tauqeer hajatoa kifuniko cha lenzi.

Naheed alikiona kifuniko kwa macho yake, kidude cheusi cha plastiki, kimeziba kioo sawasawa. Mumewe alikuwa amechuchumaa akihangaika na nyaya, na ukutani sungura watatu wa katuni walikuwa tayari wanaiba treni.

"Baba Mahrukh," alisema polepole, "hebu angalia hapo mbele."

Tauqeer akaangalia. Akakitoa kifuniko. Picha haikuongezeka mwanga wala haikupungua.

"Kilikuwa kimelegea," akasema.

"Hakikulegea."

"Mama Mahrukh, nakuomba. Mtoto anacheka. Msikilize."

Na kweli Mahrukh alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita. Basi Naheed akaliacha lipite.

Wiki sita nyuma, bajaji iliyowabeba mama na binti ilipinduka kwenye kona ya soko la vitambaa, hapo hapo mjini kwao, Multan. Naheed alitoka na mchubuko wa kiwiko. Mahrukh, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alivunjika nyonga na mapaja. Hospitali walimfunga hogo, plasta ngumu kutoka mbavuni hadi kwenye nyayo, wakasema alale chali miezi mitatu. Huyu alikuwa mtoto wa kupanda ngazi mbili mbili. Sasa alitazama dari toka alfajiri mpaka usingizi umchukue, na kila siku alisema maneno machache kuliko jana, hadi asubuhi moja akauliza, "Mama, mtu akizikwa anaona nini juu yake?"

Siku hiyo hiyo Naheed alimvuta mumewe hadi duka la projekta.

Muuzaji, Bwana Ijlal, alikuwa mnene na mcheshi. "Kwanza niambieni mtatazamia wapi," alisema. "Watu wanakuja hapa wanataka kubwa tu, kama wananunua fahali. Sebule yenye madirisha inataka mwanga mkali, la sivyo mtatazama maji ya mchele. Chumba kidogo kinataka lenzi inayotanua picha kwa karibu. Nyinyi ni wapi?"

"Kwenye dari," Naheed alijibu. "Mwanangu hawezi kuinuka."

Ucheshi ukamtoka yule bwana. Akaenda nyuma, akarudi na projekta ndogo ya mviringo kama kopo la samli, yenye shingo inayokunjika. "Hii inatazama juu, inatazama mbele, popote mnapotaka. Haina betri, umeme ukikatika na yenyewe inalala. Lakini kwa mgonjwa hamtapata bora kuliko hii. Mungu amponye."

Nyumbani mambo hayakwenda kama walivyotarajia. Chumbani kwa Mahrukh feni ya dari iliikata picha vipande vipande. Sebuleni mwanga ulipenya hata pazia zikifungwa, na picha ikawa ile ile ya maji ya mchele. Ndipo Tauqeer alipofikiria paa. Nyumba ya jirani ilikuwa ndefu kuliko yao kwa ghorofa moja, na ubavu wake usio na dirisha ulisimama juu ya paa lao kama skrini iliyowasubiri wao. Nyumba yenyewe ilikuwa tupu tangu kabla Naheed hajaletwa bi harusi pale mtaani. Hakukuwa na wa kumwomba ruhusa. Tauqeer alichanganya chokaa kwenye ndoo akaupaka ule ukuta mara mbili hadi ukawa mweupe, kisha yeye na shemeji yake wakampandisha Mahrukh na kitanda chake cha kamba.

Ikawa kila siku baada ya Magharibi wanapanda. Mahrukh akaanza kula. Akaanza kumtania baba yake. Jioni ya nne, katikati ya filamu, akasema, "Mama, mwambie yule mama aliyekaa mbele ainamishe kichwa. Ananiziba."

Naheed akatazama. Chini ya picha kulikuwa na kivuli cha kichwa kilichofunikwa ushungi, na mabega. Kati ya projekta na ukuta hapakuwa na mtu. Upepo ukaleta harufu ya nywele zilizobabuka, na nyuma yake harufu ya udongo mbichi, na mvua haikuwa imenyesha Multan kwa miezi minne.

"Ni kivuli cha antena, mwanangu."

"Antena haigeuzi shingo, Mama."

Usiku ule walimteremsha, na Naheed akasema paani basi. Mahrukh alilia siku mbili. Hakula, hakunywa, alilia tu bila sauti, machozi yakimteremkia masikioni kwa kuwa hakuweza hata kugeuka ubavu. Siku ya tatu Tauqeer alipanda ngazi akaifungua feni ya dari, akaiweka chini ya kitanda.

"Atakufa kwa joto," Naheed alisema.

"Anakufa kwa huzuni," Tauqeer alijibu. "Chagua."

Wakaikunja shingo ya projekta ikatazama juu, picha ikakaa darini safi, pana, ukuta kwa ukuta. Mahrukh akanyamaza.

Ilikuwa siku ya pili ya mpango huo, saa saba mchana, Naheed yupo jikoni anakanda unga, umeme ulipokatika. Friji ilinyamaza. Feni ya sebuleni ikazunguka polepole ikasimama. Katika ukimya ule akasikia vishindo vya miguu midogo, miguu mitupu, tap tap tap, vikienda na kurudi juu ya kichwa chake. Akadhani watoto wa mtaani wamepanda paani. Kisha akatambua kwamba sauti haikutoka nje juu ya paa. Ilitoka upande wa ndani wa dari.

Alikimbia na unga mikononi. Chumba cha Mahrukh kilikuwa na mwanga.

Darini palikuwa na ua wa nyumba asiyoijua, matofali ya zamani, mlango wa mbao uliofunguliwa nusu, na ndani ya ua ule Mahrukh alikuwa anakimbia, gauni lake la njano, nywele zimefunguka, miguu yake mizima mitupu ikipiga matofali, na pembeni alikaa mwanamke wa ushungi aliyewapa mgongo, akimpigia makofi ya taratibu kama anavyopigiwa mtoto anayejifunza kutembea; na chini kitandani alilala Mahrukh yule yule, macho wazi, midomo ya kijivu, wa baridi kuliko maji ya mtungi katika joto lile la kuua, na Naheed alipomtikisa hakutikisika, alipompigia kelele hakupepesa, alipoung'oa waya wa projekta ukutani picha haikuzimika, alipoipindua shingo yake ikatazama sakafu picha ilibaki pale pale juu, na Tauqeer aliyezisikia kelele hizo na kuja mbio kutoka dukani kwake mtaani alipoinyanyua akaipigiza chini mara moja, mara mbili, vioo vikatapakaa hadi mlangoni, mtoto wa darini aliendelea kukimbia na kucheka, na kicheko chake kilisikika chumba kizima huku mdomo wa mtoto wa kitandani umefungwa.

"Nenda kamwite Bi Kaneez," Naheed alinong'ona.

"Muosha maiti?" Tauqeer alimgeukia. "Unamwita muosha maiti na mtoto anapumua?"

"Mwite kabla hajaacha kupumua!"

Bi Kaneez alifika kabla ya Alasiri, mwanamke mkavu mwenye mikono mikubwa, kibeti chake kimejaa majani ya mkunazi. Watu wa mtaa walimwita kwa mambo mawili, na la pili hawakulitaja mbele za watu. Alisimama mlangoni akatazama dari kwa muda mrefu bila kushtuka.

"Ukuta wa nani huo mliopaka?"

"Wa nyumba tupu," Tauqeer akasema. "Hakuna mtu."

"Ndiyo. Hakuna mtu." Alivua viatu. "Umempambia mwenye nyumba ukuta wake, umemwashia taa, umemwekea na mtoto mbele yake kila jioni. Wewe ungefikiri nini? Kafikiri ni zawadi, bwana."

Tauqeer akakaa chini.

"Inuka," Bi Kaneez alimwambia. "Chukua panga, chukua brashi ya waya, ukakwangue chokaa yote. Usibakize hata doa. Na wewe mama, njoo hapa kichwani. Mimi nitasoma. Kumwita mtoto ni kazi yako."

Akafikicha majani ya mkunazi kwenye beseni la maji, akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini, akimnyunyizia Mahrukh usoni. Juu ya paa panga likaanza kukwaruza.

"Mahrukh!" Naheed aliita, uso wake ameuelekeza juu. "Rudi nyumbani, mwanangu."

Mtoto wa darini akasimama. Akatazama chini. "Mama, huku natembea."

"Naona."

"Siumwi popote. Huko nikirudi ntaumwa."

Ilikuwa kweli, na Naheed alijua. Angemwahidi nini? Joto, hogo, muwasho usiokunika, kopo la kujisaidia. Yule mwanamke wa ushungi akaanza kugeuka, taratibu, na harufu ya nywele zilizobabuka ikajaa chumba.

"Usimtazame usoni!" Bi Kaneez alikata kisomo. "Sema na mwanao!"

"Ni mimi niliyekuvunja," Naheed akasema. Hakuwa amemwambia mtu, hata mumewe. "Kwenye bajaji. Ulishika chuma kwa mkono mmoja, na sufuria ya biriani kwa mkono mwingine. Nikakugombeza. Nikasema shika kwa mikono miwili usimwage. Ukaachia chuma kwa sababu ya biriani yangu, Mahrukh. Mungu anisamehe. Rudi ulale. Rudi uumwe. Unichukie ukitaka. Lakini uumwe mikononi mwangu, usipone mikononi mwa yule."

Juu panga likakwaruza, na kipande cha picha kikabanduka darini kama rangi iliyopata maji. Mlango ukatoweka. Matofali yakatoweka. Mtoto alibaki kwenye kipande kidogo cha ua, akitetemeka.

"Najua, Mama," alisema. "Nilikuwa najua siku zote."

Kisha kukawa giza, na kitandani Mahrukh akapiga ukelele. "Mguu! Mama, mguu wangu! Unauma!" Alilia kwa nguvu hadi majirani wakatoka vibarazani, na Naheed akamkumbatia juu ya lile hogo gumu, akimshukuru Mungu kwa kila ukelele.

Bi Kaneez alimwaga maji ya beseni kizingitini, akaondoka bila kunywa hata chai.

Miezi mitatu ilipotimia walimpeleka hospitali kufunguliwa. Daktari alikuwa dada mpole, aliwaonya mapema: misuli itakuwa imesinyaa, miguu itakuwa myembamba kama vijiti, msishtuke; mazoezi yatachukua mwaka. Msumeno mdogo ukalia. Hogo likapasuka katikati kama ganda.

Daktari akainama. Akaibonyeza miguu ya Mahrukh, mashavu ya miguu yaliyokaza, mapaja yaliyojaa. Akainua unyayo mmoja, kisha wa pili. Nyayo zilikuwa na sugu, ngumu na zilizopasuka visigino, kama za mtoto aliyetembea peku juu ya matofali msimu mzima.

"Nani alikuwa anamtembeza huyu?" aliuliza.

Kabla hajajibiwa, Mahrukh alijiteremsha mwenyewe kitandani, akasimama, akapiga hatua moja, mbili, tano, bila kushika kitu. Tauqeer akaanguka kusujudu palepale, analia kwa furaha. Naheed alisimama upande wa kulia wa binti yake, amenyoosha mikono yote miwili kumdaka iwapo ataanguka.

Hakuanguka. Alitembea kuelekea mlangoni bila haraka, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeinuliwa kidogo pembeni, vidole vimekunjwa, kama vya mtoto aliyeshikwa mkono na mtu mzima akivushwa barabara.