Fundi, Weka Mikono Nyuma

Kila asubuhi Fundi alikuwa na watu wawili wanaomtaka kwa wakati mmoja: mama yake na simu yake. Mara nyingi simu ndiyo iliyoshinda.

Fundi huyu si wa magari wala wa cherehani. Ni mwanamke anayehudumia kompyuta katika kampuni inayouza mabomba na matangi ya maji. Kompyuta ikigoma, anaitwa yeye. Printa ikitafuna karatasi, anaitwa yeye. Hata birika la umeme likiharibika anaitwa yeye, kwa sababu eti lina waya. Naye kukataa hajui.

Nyumbani alikuwa na mama yake, aliyepatwa na kiharusi mwezi uliopita. Kilianza ghafla. Mdomo ulikwenda upande, mkono wa kulia ukalegea, maneno yakavurugika. Bahati nzuri mume wa Fundi, ambaye ni seremala, alikuwapo. Hakungoja aone kama itapita. Alimkimbiza mkwewe hospitali saa ile ile, na madaktari wakasema kuwahi kule ndiko kulikomwokoa.

Mama alirudi akitembea kwa fimbo. Alimeza dawa zake za presha kila siku bila kukosa. Maneno yalirudi, na utani ukarudi kabla ya maneno mengine. Lakini mkono wa kulia ulibaki umelala mapajani. Mama alikuwa msusi. Nusu ya wanawake wa mtaa wao walikuwa wamepita kwenye vidole vile. Mkono ule ndio uliomsomesha Fundi.

Fundi alimpenda sana mama yake, ila mapenzi yake yalikuwa na haraka. Alimlisha, alimnywesha, alimchana nywele, yote mbiombio ili saa mbili imkute ofisini.

"Mwanangu," Mama alimwambia siku moja, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nina mwezi mzima hapa, jembe sijaliona."

"Pumzika, Mama. Umeumwa."

"Nimepumzika mpaka nimechoka."

Asubuhi moja alipita jirani yao wa mtaa wa pili. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo cha afya, na watu walimwita Dada wa Mazoezi. Alimkuta Fundi ameshika kijiko cha uji.

"Nani anakula hapa?" aliuliza.

"Si Mama?"

"Mbona kijiko kiko mkononi mwako?"

Mama akacheka kwa sauti. Fundi hakucheka.

Dada wa Mazoezi alivuta kiti akaketi. "Sikiliza, ndugu yangu. Mkono wa mama haujafa. Kilichoumia ni ubongo, na ubongo hujifunza upya kwa kurudia. Kila anachojaribu ni somo. Kila unachomfanyia, umemnyima somo. Na miezi hii ya mwanzo ndiyo anajifunza haraka zaidi. Hata baadaye inawezekana, ila kazi itakuwa kubwa."

"Kwa hiyo nimwache ahangaike?"

"Ahangaike kidogo, na wewe uko karibu. Mshikilie bakuli lisiteleze. Usimvute mkono, utamuumiza bega. Akichoka, apumzike. Lakini jambo analoweza kulijaribu, usimnyang'anye. Ukiona unawashwa kumsaidia, weka mikono nyuma. Hivi."

Alisimama, akafunga mikono yake nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule anayekariri.

"Mpe saa moja kila asubuhi," alimalizia. "Saa isiyo na haraka."

Kesho yake Fundi alijaribu. Mama alikibana kijiko kati ya vidole, akakiinua polepole. Kilitetemeka. Kilikuwa nusu ya njia simu ilipolia.

"Fundi, uko wapi?" Alikuwa mhasibu, mtu mzima ambaye ofisi nzima ilimwita Mzee wa Hesabu. "Printa imegoma tena! Meneja anataka karatasi zake sasa hivi!"

"Nakuja, mzee." Fundi akakata simu, akakichukua kijiko mkononi mwa mama yake. "Lete, Mama. Nimechelewa."

Mama aliula ule uji. Kisha aliurudisha mkono mapajani, akatazama ukuta. Siku ile hakutania mtu. Hata seremala alipomsalimia mchana kutoka mlangoni, aliitikia tu.

Ofisini, Fundi alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya Mzee wa Hesabu. "Nipishe kidogo, mzee." Akaketi kwenye kiti chake, akabonyeza hapa na pale, printa ikanguruma na kutoa karatasi.

"Wewe mtoto ni mchawi!" alisema Mzee wa Hesabu.

Siku zote Fundi aliyapenda maneno yale. Yalimfanya ajione mtu muhimu. Leo yalimchoma. Tatizo lilikuwa lile lile la wiki iliyopita, na la wiki iliyotangulia. Kila mara alimwambia mzee ampishe. Kumbe hata huku alikuwa analisha watu kwa kijiko.

Mchana aliitwa tena. Printa hiyo hiyo, mtu huyo huyo. Mzee wa Hesabu alishaanza kuinuka ampishe kiti.

"Kaa, mzee. Leo utatengeneza wewe," alisema Fundi, na akaweka mikono nyuma.

"Mimi? Nikiilipua je?"

"Hailipuki. Kwanza nisomee kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini."

"Mimi huwa sisomi. Huwa nakuita."

"Basi leo soma kwanza."

Mzee alivaa miwani. "Inasema... kuna kazi ya zamani inasubiri. Niifute?"

"Wewe unaonaje?"

Alibonyeza mahali pasipo pake, ukurasa wote ukatoweka. "Umeona sasa! Nimeiua!"

Vidole vya Fundi vilimwasha. Alivikaza nyuma ya mgongo. "Hujaiua. Umeifunga tu. Ifungue tena, taratibu."

Ilichukua muda, na mzee alitokwa na jasho. Lakini aliifuta ile kazi ya zamani, akaituma mpya, printa ikanguruma. Alitazama karatasi zikitoka, akatazama kidole chake.

"Jamani!" aliita ofisi nzima. "Njooni mwone!"

Tangu siku hiyo Fundi aliwaomba wote jambo moja: kabla ya kumpigia, mtu asome kwa sauti kilichoandikwa kwenye skrini, mpaka mwisho, halafu ajaribu. Akikwama, aite. Na ujumbe ukitaka neno la siri, au ukija kutoka kwa mtu asiyemjua, hapo asijaribu kitu. Aache kila kitu kama kilivyo, aite mara moja.

Wengine walinung'unika kwamba Fundi amekuwa mvivu. Meneja alimwita ofisini kwake.

"Nimekuajiri utengeneze, sikukuajiri ufundishe," alisema.

Fundi alisema ukweli wote. "Bosi, mama yangu anaupoteza mkono wake, na mimi niko kwenye simu ya printa. Nipe wiki mbili. Simu za asubuhi zikipungua, niruhusu niingie saa tatu. Jioni nitafidia."

Meneja aliweka kalamu chini. "Na zisipopungua?"

"Nitaingia saa mbili, na birika nitaendelea kulitengeneza."

Meneja akatabasamu. "Wiki mbili, basi."

Asubuhi moja simu ililia mezani. Mama alikuwa na kijiko mkononi. Safari hii Fundi hakukigusa. Aliiwasha spika ya simu, mikono akairudisha nyuma.

"Printa imegoma!" alisema Mzee wa Hesabu.

"Shikamoo, mzee. Skrini inasemaje?"

"Marahaba. Inasema... 'Hakuna... karatasi.'"

Ikasikika droo ya karatasi ikivutwa.

"Nitakupigia," alisema mzee, akakata.

Mama alicheka mpaka uji ukamwagika mezani. Fundi aliupangusa, Mama akachota mwingine. Hicho ndicho kijiko cha kwanza kilichofika mdomoni kwa mkono wa kulia. Seremala alisikia vigelegele akaja mbio kutoka karakana yake uani, randa ya mbao mkononi, akidhani kuna hatari.

Simu za asubuhi zilipungua kweli. Mzee wa Hesabu sasa aliwafundisha wengine, tena kwa maringo. Meneja mwenyewe hakujifunza hata kidogo, lakini alikubali kuita baada ya saa tatu. Fundi akaipata saa yake isiyo na haraka. Kila asubuhi Mama alikunja vitambaa, alifungua vifuniko vya chupa, aliokota maharage moja moja. Siku nyingine alichoka upesi, akanuna. Siku nyingine mkono ulikataa kabisa, na Fundi alilia jikoni kimyakimya. Dada wa Mazoezi aliwaambia hiyo nayo ni sehemu ya njia, wasiiache.

Miezi ikapita. Siku moja walikuwa wanajiandaa kwenda kituo cha afya, Mama apimwe presha. Mama alikuwa amenunua viatu vipya vyenye kamba, kwa ukaidi tu. Aliketi kizingitini akazikabili. Alizivuta, zikamponyoka. Akazivuta tena. Seremala alikuwa anawangoja nje, na jua lilikuwa linapanda.

Fundi alitazama saa. Uzalendo ukamshinda. Alichuchumaa haraka, akaishika kamba.

Paa! Kofi likatua mkononi mwake.

"Toa mikono yako hapa!" alisema Mama. "Rudisha nyuma!"

Fundi alibaki amechuchumaa, mkono ukimwasha, machozi yakimtoka huku akicheka. Kofi lile lilitoka mkono wa kulia wa Mama.