Kanga za Ndoo

Kesho yake ilikuwa Idi, na mtaa wa maduka ya nguo pale Kariakoo ulifurika hata pa kuweka mguu hapana. Ndiyo maana Mwinjuma, seremala wa Temeke, akauweka wake juu ya buibui la mtu. Upindo ukachanika. Mwenye buibui akageuka: msichana mwembamba, wanja machoni, ananukia asumini. Mwinjuma akaomba radhi, akamwita fundi cherehani wa barazani aushone palepale, akidhani yamekwisha. Msichana akautazama mshono, akaamuru ufumuliwe kwa kuwa ulionekana. Ukafumuliwa mara mbili. Mwinjuma kasimama juani anamtazama tu, na moyo wake, nawaambieni, ukaenda na maji.

Jina lake Zuena, na kumbe ni wa Temeke hiyohiyo. Miezi mitatu haikupita, posa ikapelekwa na ikajibiwa.

Sasa Zuena alitaka harusi isiyo na doa. Kitanda alichochongewa na Mwinjuma kwa mkono wake alikirudisha kwa sababu ya fundo moja la mti. Harusi akaiahirisha mara ya kwanza kwa kuwa chokaa ya nyumba ilikuwa na mawimbi, mara ya pili kwa kuwa wapiga ngoma aliowataka walikuwa na shughuli Bagamoyo. Msidhani ni maringo. Dada yake Tabu aliolewa siku pilau ilipoungua, na tangu hapo Temeke nzima inamwita Bi Ukoko. Zuena aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kaburi.

Mwinjuma alivumilia. Wenzake karakanani walimwuliza kama bibi harusi bado anazaliwa, naye akacheka nao huku moyo unamuuma. Siku ilipopangwa mara ya tatu, Ijumaa, akasema hiyo ndiyo ya mwisho.

Zilibaki kanga za sare. Jina la kanga alilitunga Zuena mwenyewe, *Mola ibariki ndoa yetu*, akaliandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuo cha Kurani, maana za Kizungu hakuzijua. Akamkabidhi Mwinjuma karatasi imekunjwa, akamkataza kuifungua. Karani wa duka la kanga akaligeuza jina kwa herufi za Kizungu, likaenda kuchapwa ng'ambo, miezi mitano. Jumatano ya wiki ya harusi Mwinjuma akaleta furushi, na mbele ya Tabu akaikunjua kanga ya juu, akaisoma kimoyomoyo, akaikunja tena.

“Soma basi, laazizi,” Zuena akamhimiza.

“Mola ibariki ndoo yetu.”

Tabu akajiziba mdomo kwa mtandio. Doti sitini za ndoo! Labda karani alidhani watu wa Temeke wana shida ya maji. Zuena hakucheka. Akamshutumu Mwinjuma kwamba alipeleka karatasi kama anayepeleka mbao, hakuuliza wala hakuhakikisha. Ziagizwe nyingine, na harusi ingoje.

“Miezi mitano tena?”

“Nitachekwa, Mwinjuma.”

“Zitakazochekwa ni kanga. Ukiahirisha nachekwa mie, na nimeshachekwa vya kutosha. Nangoja neno lako mpaka kesho magharibi. Likiwa ‘bado’, basi tena, kila mtu na njia yake.”

Akaondoka bila kuaga. Zuena akalia mpaka wanja ukamfika kidevuni.

Alhamisi adhuhuri Tabu alikuwa akizikunja zile kanga, karatasi ikadondoka. Karani alikuwa ameifunga pamoja na mzigo. Zuena akaipokea kwa hasira ili alione kosa la karani. Akaisoma mara moja, akarudia kwa kidole. Juu ya herufi ya mwisho ya neno “ndoa”, mahali pa kistari cha “a”, palikaa ile alama iliyopinda inayosomwa “o”. Mwandiko ulikuwa wake. Karani wa watu hakukosea hata nukta.

“Nimeandika ndoo,” akasema polepole. “Mie mwenyewe, kwa mkono wangu.”

“Mie naitwa Bi Ukoko mwaka wa tisa huu,” Tabu akamjibu, “na mume wangu hajawahi kulala nje. Wewe atakayerudi kwako ni nani?”

Mwali wa kuolewa kesho hatoki nje. Zuena akatoka, alasiri, bila buibui, kanga moja kajifunga, nyingine kajitanda, na maandishi yanasomeka mgongoni. Penye duka la mafuta ya taa mtu mmoja ajuaye kusoma akaliona jina, akalitangaza, na kicheko kikaanza kumfuata nyumba kwa nyumba. Mwanamke mmoja akamwuliza ndoo yenyewe kaiacha wapi. Masikio yakamwaka moto, naye akazidi kutembea.

Mwinjuma alikuwa karakanani akipiga randa. Alikisikia kicheko kabla hajamwona mtu. Alipoinua uso, Zuena kasimama mlangoni, jasho na wanja vimechanganyika.

“Kosa ni langu,” akasema. “Niliandika vibaya, nikakutupia wewe. Nisamehe. Nakupenda, na Ijumaa ni kesho.”

Mwinjuma akaiweka randa chini. Akawatazama waliojazana barabarani, wengine wameshika mbavu.

“Wamekucheka njia nzima?”

“Toka mlangoni kwetu mpaka hapa.”

“Ikawaje?”

“Nimefika.”