Ganzi ya Immakulata

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Immakulata alimnywesha babu yake uji. Mzee Kaijage alikuwa mkulima hodari wa kahawa pale kijijini Kishanda, mpaka siku alipoanguka migombani. Tangu hapo mkono na mguu wa kulia vilipooza, mdomo ukavutwa upande, na maneno yakawa yanatoka polepole. Akili ilibaki nzima, na utani pia.

"Leo uji una chumvi," alilalamika. "Unataka kunikausha kama dagaa?"

Immakulata alicheka, lakini si kwa moyo wote. Alikuwa na jambo lililomtisha, na hakuwa amemwambia mtu.

Mwalimu Anatolia alikuwa amemchagua kuongoza ngonjera siku ya Saba Saba, sikukuu ya chama cha TANU, mbele ya kijiji kizima na wageni wa chama. Heshima hiyo ilikuwa tamu siku ya kwanza tu. Baadaye, kila alipoufikiria umati ule, moyo ulimwenda mbio, pumzi ikawa fupi, kisha vidole vikafa ganzi na midomo ikachonyota. Ganzi! Hilo ndilo neno alilolisema Babu alipokutwa ameanguka. Immakulata akaamua mwenyewe, bila kumuuliza yeyote, kwamba ugonjwa wa Babu umemwingia na kwamba atapooza kabla hajamaliza shule.

Dawa pia alijichagulia mwenyewe. Katika nyumba za Wahaya hapakosi kikapu kidogo cha akamwani, yaani buni zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni hupewa atafune. Watu wazima husema zinatia nguvu. Basi Immakulata akawa anajikaribisha kama mgeni: anachota buni kiganjani na kuzitafuna njiani huku akikariri beti zake. Ajabu ni kwamba alivyozidi kutafuna, ndivyo moyo ulivyozidi kudunda na mikono kutetemeka. Naye, badala ya kuacha, akaongeza.

Siku ya mazoezi ya mwisho, wanafunzi walisimama mistari miwili uwanjani. Immakulata alitoka mbele akafungua kinywa. "Jembe letu la pamoja..." alianza, na sauti ikakatika. Akawa anahema kwa nguvu. Vidole vya mikono yote miwili vikajikunja, na hakuweza kuvikunjua. Miguu ikalegea, akakaa chini kwenye vumbi.

"Mwalimu, napooza!" alilia. "Napooza kama Babu!"

Wenzake walirudi nyuma kwa hofu. Mwalimu Anatolia alipiga magoti, akamshika mabega, na kumtuma mwanafunzi mmoja mbio kwenye shamba la kijiji akamwite baba yake.

Mwijage alikuja na jembe begani. Alipoambiwa maneno ya mtoto, uso ulimbadilika. Aliomba baiskeli ya mwalimu, akampakia binti yake nyuma, akaelekea hospitali ya misheni. Kwenye mlima alishuka akasukuma, na Immakulata, ambaye vidole vyake vilikwisha kunyooka, alimsikia akisali kwa Kihaya chini ya pumzi. Hapo ndipo alipoogopa kweli.

"Waitu daktari, usinifiche," Mwijage alisema kwa heshima ya Kihaya walipofika. "Ni ugonjwa wa baba yangu?"

"Bado sijui," alijibu Daktari Mutembei. "Tumpime kwanza, ndipo tuseme."

Alimpima bila haraka. Alimwambia atabasamu, akaona pande zote mbili za mdomo zinapanda sawa. Alimwambia abane vidole vyake kwa nguvu zote, mkono mmoja kisha mwingine, mpaka daktari akasema, "Aka, utanivunja!" Akamtembeza juu ya mstari wa sakafu. Akamgonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira, na mguu ukaruka wenyewe. Kisha akaketi.

"Ganzi huja mkono mmoja au yote?"

"Yote miwili. Na midomo."

"Ukiwa unalima?"

"Hapana."

"Ukiwa unamenya ndizi?"

"Hapana."

"Sasa huja lini?"

Immakulata aliinamisha kichwa. "Nikifikiria Saba Saba."

"Aha. Na asubuhi ya leo umekula nini?"

"Akamwani," alinong'ona. "Kiganja kizima."

"Kumbe ni wewe!" baba yake alimaka. "Nami nimekuwa nikimsema jirani kwamba anamaliza kikapu chetu!"

Daktari alicheka, kisha akamwambia Immakulata apumue haraka haraka kwa mdomo. Haukupita muda, vidole vikaanza kuchonyota. Macho yakamtoka. "Ndiyo hii!" alisema.

"Sasa vuta pumzi taratibu kwa pua, na uitoe taratibu zaidi." Akafanya hivyo, na ganzi ikaondoka kidogo kidogo. "Umeona? Ugonjwa wa babu yako hauji kwa kuitwa, wala hauondoki kwa kuagizwa."

"Kwa hiyo nilikuwa nadanganya?"

"Hapana, mwanangu. Ganzi yako ni ya kweli kabisa. Chanzo chake ni hofu, ambayo hukufanya uheme kupita kiasi, na kahawa imeichochea. Lakini msinielewe vibaya. Mtu akilegea upande mmoja ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakamvurugika, aletwe hapa hapo hapo, bila kungoja."

Mwijage alicheka, na machozi yakamtoka papo hapo. Hakuyaficha.

Siku ya Saba Saba, mzee Kaijage alibebwa kwa kiti hadi uwanjani. Immakulata alipotoka mbele, vidole vilianza kumchonyota. Akasimama kimya, akavuta pumzi taratibu, akaitoa, halafu akaanza. Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka. Wa pili ikatulia. Mwishoni kijiji kizima kilishangilia, na Mwalimu Anatolia alipiga makofi kuliko wote.

Alikimbia kwa babu yake. Mzee alimshika kwa mkono wake mzima.

"Baba yako amenieleza," alisema polepole. "Sasa nisikilize. Asubuhi ile, kabla sijaanguka, mkono huu wa kulia ulikufa ganzi, kikombe kikaniponyoka. Baada ya muda ukapona. Nikaona aibu kuwasumbua watu. Nikachukua panga nikaenda migombani."

Immakulata aliugusa mkono ule uliopooza.

"Yako ilikuwa hofu, yangu ilikuwa ugonjwa. Wewe hukujua, wala mimi sikujua, kwa sababu kila mmoja alijifanya daktari akanyamaza. Aliyejua tofauti alikuwa hospitalini, nasi hatukumuuliza. Mjukuu wangu, mwili ukikushtua, sema. Likiwa jambo dogo, utacheka. Likiwa kubwa, utawahi tiba. Mimi sikusema, wala sikuwahi."