Makombo ya Meza Zilizofungwa

Siku baa ilipofunguliwa tena, mpishi alisikia harufu ya marashi.

Kwa mtu mwingine hilo si jambo la kusimulia. Baa ina wateja, wateja wana makwapa, makwapa yana marashi. Lakini mpishi huyu aliugua ule ugonjwa wakati watu wamefungiwa majumbani, na ulipoondoka uliondoka na pua yake na ulimi wake. Kitunguu kikiungua mbele yake alikijua kwa moshi. Chumvi aliipima kwa macho. Siri hiyo ilijulikana na mtu mmoja tu, mdogo wake wa kike, mhudumu wa baa hiyohiyo. Wenzake walimwita Digrii kwa sababu alikuwa nayo moja, safi, imewekewa lamineti, na haijawahi kumlipia hata nauli.

Kila sufuria ilipoiva, Digrii aliingia jikoni, akashusha barakoa, akaonja kwa ncha ya kijiko, akasema "ongeza" au "acha". Ndivyo walivyokuwa wakipika, watu wawili kwa ulimi mmoja. Bosi angejua, kaka angefukuzwa mchana huohuo, na nyumbani walikuwa na mama anayewategemea wote wawili.

"Nasikia marashi," kaka alimnong'oneza, amesimama kwenye kidirisha cha kupitishia sahani. "Ya waridi. Yanatoka kule."

Akaonyesha kwa kisu meza ya kona, ile yenye mkanda mwekundu. Haikuwa na mtu.

"Hongera, Kaka. Pua inarudi."

Kaka akachukua kitunguu saumu, akakiponda, akakipeleka puani. Akatikisa kichwa. Akakitupa.

Mkanda mwekundu ulikuwa sheria. Waliotoa ruhusa ya kufungua walisema nusu ya meza zikae tupu: meza ya watu, meza ya mkanda, meza ya watu, meza ya mkanda. Bosi alikuwa na kipaji cha kutii sheria vibaya. Alisema baa yenye meza tupu inanuka msiba. Basi akaamuru meza za mkanda ziandaliwe kama nyingine, sahani, glasi, uma, chakula kinachofuka mvuke, ili mpita njia akichungulia dirishani, au akiona picha mtandaoni, aseme kumejaa, wenye meza wameenda kunawa tu.

"Hiyo inaitwa ambience, Digrii. Chuo hawakuwafundisha?"

"Walitufundisha, bosi. Walitufundisha pia kwamba kuna ajira."

Bosi alitaka wali wa jana umwagiwe mchuzi. Kaka alikataa. Sahani ikitoka kwake, alisema, inatoka na chakula cha kuliwa. Kwa hiyo alipikia zile meza kwa mkono uleule aliowapikia wenye pesa, na siku ile ya kwanza Digrii alizibeba sahani, akavuta viti, na kwa uchovu na uchokozi akaziinamia zile meza zisizo na mtu.

"Karibuni wapendwa, jisikieni nyumbani. Mkihitaji chochote, mpishi wetu yupo."

Mlinzi wa mlangoni alicheka hadi kipimo cha joto kikamponyoka.

Saa ya wafanyakazi kula, sahani hizo zilirudi jikoni. Bosi alikuwa amefuta chakula cha wafanyakazi. Chenu si kipo mezani, alisema, kinawasubiri. Digrii alitia tonge mdomoni akalitema. Hakikuwa kimeoza. Hakikuwa kitu. Pilipili aliyoionja mwenyewe asubuhi ilikuwa imetoka, mafuta yametoka, chumvi imetoka, imebaki ile hali ya kutafuna karatasi iliyolowa. Mlinzi naye akatema, akafuta ulimi kwa kiganja.

"Hiki kimeshaliwa," mlinzi alisema, kisha akajicheka kwa aibu.

Kaka alikula sahani nzima. Kwake chakula chote cha dunia kilikuwa hivyo.

"Nyie mna madeko," alisema, akavuta nyingine.

Akawa anakula hivyo kila siku. Wenzake walibeba mkate kutoka nyumbani, yeye akisafisha sahani za meza za mkanda hadi zing'ae. Nani amlaumu? Mtu kakaa miezi bila kazi, anapewa nyama, aseme hapana?

Wateja walirudi kama waliofunguliwa kutoka gerezani. Walikula, wakajipapasa matumbo, wakatazamana, wakaagiza tena. Hakuna aliyeshiba. Mzee mmoja wa heshima zake alikula hadi akalegeza mkanda wa suruali, na bado macho yake yakawa kwenye sahani ya jirani. Bosi alifurahi kuliko bibi harusi. "Full house," alikuwa akisema, akipiga picha, "full house na nusu ya viti. Biashara ni akili."

Kisha mlinzi akamwita Digrii pembeni, mchana, kabla wateja hawajaingia.

"Njoo uone kitu. Usipige kelele."

Alikuwa na kile kipimo cha kuelekezwa kwenye paji la uso kama bastola. Akakielekeza ukutani. Kikagoma kusoma, kikaandika herufi za hitilafu. Akakielekeza kwenye kiti kitupu cha meza ya kona, usawa wa uso wa mtu aliyekaa. Kikalia, kikaonyesha joto la mtu mzima mwenye afya. Akahamia kiti cha pili. Kikalia. Meza ya mkanda ya katikati. Kikalia, kikalia, kikalia.

"Kimeharibika," Digrii alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

"Nilisema hivyohivyo." Mlinzi akageuka, akakielekeza kwenye kidirisha cha jikoni, kwa kaka, aliyekuwa ameinamia ubao wake akikata karoti na kuimba puani. Kikagoma kusoma. Kikaandika kama kilivyoandika ukutani.

Siku zile kaka alikuwa amekonda, shingo imebaki mishipa, lakini mikono yake ilikuwa haitulii. Digrii alimkuta akipakua sahani ambazo hazikuwa kwenye oda yoyote.

"Ya nani hiyo?"

"Ya kona. Wameongezeka."

"Kina nani, Kaka?"

Akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. "Si uliwakaribisha wewe?"

Umeme ulikatika mchana wa mvua, wingu limeshuka hadi madirishani na baa imejaa, na katika giza lile la ghafla ambamo siku zote watu hupiga miluzi na kuwatukana watu wa umeme, hakuna aliyepiga mluzi, kwa sababu uma zilianza kugonga sahani, taratibu kwanza, kisha kwa pupa, si kwenye meza za wateja waliokuwa wakipapasa simu zao kutafuta tochi bali kwenye zile za katikati yao, za mkanda, na pamoja na uma ikaja pumzi, pumzi ya kundi la walaji wasiopumzika, nzito, yenye mkwaruzo wa kifua kama ule ambao kila nyumba mjini ilikuwa imeusikia mwaka ule chumbani kwa mgonjwa wake na kuomba isiusikie tena, na harufu ya waridi ambayo Digrii hakuwahi kuisikia hata siku moja ikamjia sasa, ikapanda hadi akaihisi kwenye meno, na kutoka jikoni, kwenye giza hilohilo, sauti ya kaka yake ikasema kwa upole, kama anayewabembeleza watoto, "Inakuja, inakuja. Msigombane."

Taa zilirudi. Chakula cha meza za mkanda kilikuwa palepale, hakijapungua punje. Kimepauka tu.

"Panya," bosi alitangaza, akitabasamu juu ya barakoa iliyoshuka kidevuni. "Mvua inawaingiza ndani, sorry sana. Kila meza kinywaji kimoja bure."

Watu wakakaa. Mtu aliyefungiwa mwaka mzima na mkwe wake hakimbizwi na uma.

Mlinzi ndiye aliyemjua mganga, mama mmoja mnene mwenye mkoba wa kwenda ofisini, aliyesifika kwa kutoa majini kwenye majumba na magodauni. Alikuja siku baa imefungwa kwa mapumziko. Hakuvuka kizingiti. Alisimama mlangoni, barakoa puani, akavuta pumzi kupitia kitambaa, akafumba macho.

"Nani aliwaandalia?"

"Kaka yangu," Digrii alijibu. "Bosi aliagiza."

"Nani aliwaambia karibu?"

"Mimi. Kwa utani, mama."

"Hawajui utani. Walikaa humu kimya siku zote mlizofunga, wakapazoea, mkarudi na mvuke na vitambaa vyeupe mkavuta viti." Akafumbua macho. "Hilo si tatizo. Mgeni nitamtoa. Makombo yao yanatupwa wapi?"

Kaka alikuwa nyuma yao, amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mikono kwenye magoti, mpole kama mtu anayesubiri basi.

"Nimekula mimi," alisema.

"Mara moja?"

"Kila siku."

Mganga akamkazia macho. "Hukusikia kwamba hakina ladha? Mtoto mchanga angetema."

Kaka akamtazama mdogo wake. Mdogo wake akatazama sakafu.

"Umekula nao sahani moja," mganga alisema, sasa bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomtisha Digrii. "Sasa nikiwaambia tokeni, na wewe unatoka. Sijui kukutenganisha nao. Ningejua ningekwambia." Akafungua mkoba, akamrudishia mlinzi nauli yake. "Asipike tena. Akae mbali na jiko. Ale cha nyumbani, kama kitapita."

"Na kisipopita?" Digrii aliuliza.

"Binti, mimi nimesema ninachokijua."

Hakikupita. Kaka alikaa nyumbani, mama akampikia kila alichokipenda tangu mdogo, naye akakitia mdomoni kwa adabu, akakitafuna, na koo likakataa. Maji yalipita, chakula hakikupita. Alikaa kwenye kochi akikata hewa kwa vidole. Mama alisema ni ule ugonjwa umerudi. Wangempeleka wapi? Hospitali walimpima, wakasema hana kitu, wakampa vidonge vya hamu ya kula.

Digrii alifanya lile alilojua hapaswi kulifanya. Alikwenda kazini na kopo la plastiki kwenye begi ili ambebee makombo, kwa sababu kaka mwenye majini bado ni kaka, na kaka aliyekufa ni picha ukutani. Lakini bosi alikuwa ameajiri mpishi mpya, kijana wa vyeti, mwenye kofia ndefu. Sahani zake za meza za mkanda zilirudi na ladha yote. Hazikuguswa. Kaka alipolishwa kile chakula, kilikataa kupita kama cha mama. Wateja walishiba kwa sahani moja, wakaenda zao. Bosi akawa anapiga simu kila siku.

"Digrii, mwambie kaka yako arudi. Chakula hakina mvuto."

"Anaumwa, bosi."

"Wote tunaumwa. Arudi apike akiwa ameketi."

Jioni moja Digrii alimsogelea kaka kwenye kochi, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anataka kurudi. Angembeba mwenyewe mgongoni hadi pale jikoni. Potelea mbali, majini wale, kaka ale.

"Nikirudi sitatoka," kaka alisema. "Wananiita, mdogo wangu. Mchana kutwa wanagonga sahani. Ninawaonea huruma, unajua? Njaa waliyonayo si ya chakula kimoja." Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa na ubaridi wa bomba. "Usimwambie Mama."

Hakumwambia. Kaka alikufa asubuhi, mama akiwa ameshika uji.

Walimwosha, wakamfunika, wakamlaza chumbani. Majirani walikaa nje wakiachiana nafasi, kwa jinsi mwaka ule ulivyowafundisha watu kulia wakiwa mbalimbali. Digrii alimtumia bosi ujumbe wa maneno machache. Simu ikalia hapohapo.

"Nyie familia mna utani gani?" bosi alisema. Nyuma yake kulikuwa na kelele za baa iliyojaa. "Unaniandikia kaka yako amefariki. Mtu yuko jikoni kwangu tangu nifungue mlango. Nimemrudisha kwao yule mwenye kofia."

"Bosi, tumemwosha sasa hivi."

"Basi mmeosha mtu mwingine. Sikiliza."

Simu ikasogezwa. Digrii akasikia mafuta yakichemka, kisu kikigonga ubao upesiupesi, na mtu akiimba puani. Mkono wake ukashuka, na mama, aliyekuwa akimtazama uso, akaichukua simu kabla Digrii hajaweza kuikata.

"Ni nani?" mama aliuliza. Kisha akasikiliza. "Mwanangu?"

Kisu kikatulia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," mama alijibu, kwa mazoea, na neno likiwa limeshatoka akageukia mlango wa chumba alimolazwa mwanawe. "Uko wapi wewe? Unarudi saa ngapi?"

"Sijui, Mama. Bado hawajashiba."

Kisu kikaanza tena.

Wanaume waliingia na jeneza wakavua viatu, wakamwomba mama awapishe mlangoni, muda umefika. Mama hakusogea. Aliibana simu sikioni kwa mikono miwili, akawazibia njia kwa mwili wake mdogo.

"Ngojeni kwanza," aliwaambia. "Hajatoka kazini."