Mbuzi za Ntheo na Gari ya Chini

"Uko wapi?"

"Niko karibu, sweetie. Naingia Zombe hivi."

Kavindu alitazama barabara. Kutoka kwa gate ya kwao unaiona yote mpaka soko la Zombe, na siku hiyo hapakuwa na vumbi hata la pikipiki.

"Kyule, nimesimama kwa gate. Sioni gari."

"Ni network hiyo. Nakuja."

Akakata simu. Lakini kabla hajakata, Kavindu alisikia mbuzi akilia na sauti ya mwanaume mwingine ikisema, "Sukuma, sukuma basi."

Siku yenyewe ilikuwa ya ntheo, mbuzi za kuposa. Kwa Wakamba, mbuzi hizo zisipofika kwa baba yako, hata mkizaa watoto wajae nyumba, wewe bado si bibi ya mtu. Na Kyule alikuwa ameahirisha mara mbili, zote kwa sababu ya gari. Mara ya kwanza gearbox. Mara ya pili bampa iliachwa kwa bump kabla hajatoka Makueni. Mzee Musyimi, baba ya Kavindu, alikuwa amechoka.

"Leo wazee wakiinuka kabla ya mbuzi kufika," alimwambia binti yake asubuhi, "mwambie asirudi hapa."

Na wazee walikuwa wamekunywa chai, wamekula, na sasa wanatafuta kofia zao.

Hebu niambie, mwanaume mwenye akili anachukua gari ambayo tayari iko chini, anaikata springi iende chini zaidi, halafu anaileta Kitui kwa mito mikavu ya mchanga? Kyule ni kinyozi huko Kalamba, Makueni, na anasema mteja humwangalia mtu gari kwanza. Kavindu ana Probox ya kubeba ndengu. Alikuwa amemwomba Kyule aichukue aje nayo, akamwomba tena.

"Niende kwa wakwe na gari ya magunia?" Kyule alimjibu. "Watu watasema ni mimi nimeolewa."

Simu ikalia. Ilikuwa meseji: *Babe usipanic. Tumekwama kidogo kwa mto. Usimwambie mzee.*

Kidogo. Kavindu alisikia hasira ikimpanda mpaka masikioni. Akaingia ndani kuchukua ufunguo, na shangazi yake akamshika mkono mlangoni.

"Unaenda wapi?"

"Mtoni. Amekwama."

"Kavindu, msichana hajiletei mbuzi za ntheo. Wazee wakikuona watasema umejioza mwenyewe."

"Basi wasinione. Waongezee chai, shangazi. Tafadhali."

Alipofika mtoni alipunguza upepo kwa magurudumu, akaingia mchangani mwendo mmoja bila kugusa breki. Gari ya Kyule ilikuwa katikati, imelalia tumbo. Mbuzi watatu walikuwa kiti cha nyuma, mmoja ametoa kichwa dirishani. Kiema, mjomba wa Kyule, alikuwa amekaa juu ya jiwe na viatu mkononi.

"Hii ndiyo karibu?" Kavindu aliuliza.

"Usianze," Kyule alisema. Suti yake ilikuwa mchanga mtupu. "Barabara zenu ni mbaya."

"Lori zinapita. Pikipiki zinapita. Punda wanapita."

"Mimi nilimwambia," Kiema alisema kutoka kwa jiwe lake.

"Mjomba, nyamaza kidogo," Kyule alisema. "Tuvute basi."

"Na kamba gani? Umebeba kamba?"

Kyule alifungua buti. Ndani kulikuwa na spika tu.

"Spika kubwa umebeba," Kavindu alisema. "Kamba hakuna. Ingiza mbuzi kwa yangu."

Kavindu aliendesha. Nyuma, Kiema alishikilia mbuzi, nao wakanusa shingo ya Kyule. Karibu na nyumbani, kabla ya kona, akasimamisha gari na kushuka.

"Shika usukani. Mimi napitia shambani."

"Na wakiniuliza? Hii gari wanaijua."

"Sema unachotaka."

"Nitasema ulinipatia jana. Ni kitu kidogo tu, Kavi."

"Kyule, sijali umekuja na nini. Ungekuja na mkokoteni ningefurahi. Lakini tangu asubuhi nakuuliza uko wapi na hujaniambia. Mimi siwezi kuolewa na mtu nisiyejua yuko wapi. Nitakuwa jikoni. Nitasikia."

Alifika jikoni akihema. Nje Probox iliingia, ikazimwa. Sauti ya baba yake ikasikika.

"Kijana. Tuliambiwa una gari ya chini, ya kunguruma. Hii ni ya msichana wangu. Imekufikiaje?"

Jikoni, Kavindu alishika meza.

"Nilikuwa nataka kusema alinipatia jana," Kyule alisema. "Si kweli, mzee. Yangu iko mtoni, imekwama. Kavindu ndiye amekuja kututoa. Alikuwa ameniambia nitumie hii, nikakataa. Niliogopa watu watanicheka."

Wazee walianza kunung'unika. Mmoja wao, Mzee Muindi, akasema kwa sauti, "Musyimi, huyu msichana amejiletea mbuzi."

"Mbuzi ni za nani?" Musyimi aliuliza.

"Zangu," Kyule alisema. "Yeye amebeba tu."

Mzee Musyimi aliisugua fimbo yake.

"Jana hiyo gari nilipanda mimi mpaka Nuu," alisema mwishowe. "Ungesema ulipewa jana, ungerudi na mbuzi zako kwa miguu. Zishusheni."

Shangazi alipiga kigelegele kabla ya wengine wote. Kavindu alilia, halafu akacheka, halafu akakumbuka suti yenye mchanga na hasira ikamrudia nusu.

Kesho yake asubuhi walirudi mtoni wawili, na kamba ya Mzee Musyimi. Watu wa punda na mitungi walisimama kuangalia, na mmoja akauliza kwa nguvu ni nani ameolewa kati ya hao wawili. Kyule alisikia. Alifunga kamba bila kujibu, akaingia kwa gari yake. Kavindu akawasha Probox na kumpigia simu.

"Uko wapi?"

"Niko nyuma yako," Kyule alisema. "Nimefungwa kwa kamba, na watu wananicheka. Vuta."